Joginder Singh: Simba aliyeisikiliza injini, na funzo lake kwa madereva wa Garissa

JINA la Joginder Singh halisikiki tena mara kwa mara midomoni mwa vijana wa Garissa, Wajir na Mandera. Wengi wao walizaliwa miaka mingi baada ya nguli huyo kustaafu, na baadhi walikuwa wangali katika shule ya msingi alipofariki jijini London mnamo Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Hata hivyo, kila unapozuka ule mjadala wa gari lipi ni bora, la gia za mkono au la otomatiki, maisha ya mwendazake yana mengi ya kutufunza.

Mjadala wenyewe si wa mzaha katika eneo la Kaskazini Mashariki. Mtu akitoka Garissa kuelekea Dadaab na Liboi, au akishika njia ya Modogashe na Habaswein hadi Wajir, huacha lami na kukutana na mchanga, vumbi na laga ambazo hukauka miezi mingi kisha hufurika kwa saa chache. Wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 na ya Aprili 2024, Mto Tana ulivunja kingo zake na kukata mawasiliano ya barabara kati ya Garissa na Nairobi. Katika mazingira kama hayo, dereva anayekwama mbali na mji hukabiliwa na kiu, giza na hatari nyinginezo. Ndiposa wazee wa huko wakashikilia kwamba gari la nyika ni lile la gia za mkono.

Joginder alizaliwa Kericho mnamo Februari 9, 1932, katika familia ya Kalasinga iliyokuwa na asili ya Punjab. Baba yake, Battan Singh, alikuwa na gereji, na humo ndimo mwana alimolelewa, mikono ikiwa imelowa grisi. Alijifunza kulifungua gari na kulifunga kabla ya kujulikana kwa kuliendesha. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa anazunguka barabarani kuwaokoa madereva waliokwama. Kazi hiyo ilimpa elimu ambayo haipatikani darasani: alijionea jinsi klachi inavyoungua, jinsi giaboksi inavyokwaruza kwa kukosa mafuta, na jinsi haraka ya dereva inavyoligharimu gari.

Mashindano ya Safari yalikuwa yameanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Enzi hizo magari yalikimbia maelfu ya kilomita kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, mchana na usiku, juu ya udongo mweusi ambao mvua ya Pasaka huugeuza kuwa gundi. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 pekee, na mwaka 1968 yakamaliza 7 vilevile, ilhali kila mara yaliyoanza yalizidi 80. Kwa hivyo, swali kuu halikuwa nani ana kasi kuliko wenzake. Swali lilikuwa ni nani atakayelifikisha gari mwisho wa safari likiwa zima.

Joginder alilijibu swali hilo mwaka 1965. Akiwa na nduguye Jaswant kama mwelekezi, aliingia uwanjani na Volvo PV544, gari lililokuwa limekwishatumika katika mashindano ya awali. Kampuni kubwa za Ulaya zilikuwa zimeleta magari mapya na mafundi wengi. Ndugu hao wawili walikuwa na ustadi wa gereji na gari la gia nne za mkono. Walishinda kwa zaidi ya saa moja na nusu, na Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kutwaa taji hilo. Kenya ilikuwa huru kwa muda usiozidi miaka miwili, na mashabiki walioshuhudia wageni wakibwagwa na mwana wa Kericho walimpokea kama wao. Kwa kuwa neno Singh maana yake ni simba, lakabu ya Simba ilimkaa sawasawa.

Mwaka 1974, mvua ikiwa imeharibu njia, alirejea na Mitsubishi Lancer ndogo ya injini ya sentimita za ujazo 1600, mwelekezi wake akiwa David Doig. Aliyemfuata katika nafasi ya pili alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi, aliyekuwa na Porsche yenye nguvu kubwa zaidi. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na Lancer zikatwaa nafasi zote tatu za kwanza. Kwa ushindi huo akawa mtu wa kwanza kuliteka taji la Safari mara tatu, rekodi ambayo baadaye ilipitwa na Shekhar Mehta aliyefikisha mataji matano.

Lakini takwimu inayomweleza Joginder vizuri zaidi ni nyingine. Alishiriki Safari mara 22, akamaliza mara 19. Katika mashindano ambayo magari mengi yaliishia matopeni, mtu hafikishi idadi hiyo kwa bahati. Huifikisha kwa kujua ni lini gari linaomba gia ndogo, ni lini linaomba kupumzishwa, na ni lini tamaa ya kumpita mwenzako itakuacha kando ya njia ukiwatazama wengine wakipita.

Hapa ndipo tunapostahili kuuangalia upya mjadala wetu. Gari la gia za mkono humwachia dereva uamuzi wote. Akikanyaga klachi, huitenga injini na magurudumu. Akiteua gia, huamua kama anataka nguvu au mwendo. Akiteremka mtelemko mkali, gia ndogo humsaidia kulizuia gari bila kuzichosha breki. Betri ikiisha njiani, abiria husukuma, dereva akaweka gia ya pili na kuachia klachi, injini ikaitika. Kwa aliyekwama kati ya Modogashe na Habaswein, jambo hilo moja laweza kuwa tofauti ya kufika nyumbani na kulala nyikani.

Otomatiki nayo ina sifa zake, na kuipuuza ni kutojua ilikotoka. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili iliyoundwa kwa wingi ilitolewa na General Motors ya Marekani katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Badala ya klachi ya mguuni, nguvu ya injini hupitishwa kwa mafuta yanayozungushwa ndani ya chombo maalumu. Kwa sababu nguvu hiyo huja taratibu bila kukatika, magurudumu hayashtuliwi, na mchangani hiyo ni faida kubwa: dereva asiyeweza kuachia klachi kwa upole huchimba shimo lake mwenyewe, ilhali otomatiki ikiendeshwa kwa utulivu huweza kupita. Isitoshe, katika msongamano wa mjini humpunguzia dereva uchovu.

Hata hivyo, otomatiki haimsamehe mjinga. Mafuta yake hupata joto kali inapolazimishwa mchangani kwa muda mrefu, na mafuta yaliyoungua huiua giaboksi. Aidha, magari mengi ya aina hii hayapaswi kuburutwa mbali injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini. Pampu inayosambaza mafuta huzungushwa na injini. Injini ikizimika, vyuma husagana vikavu. Katika eneo ambalo fundi aweza kuwa umbali wa kilomita mia moja na zaidi, na kamba ndiyo msaada wa kwanza, ni wangapi wameiharibu giaboksi wakidhani wanaliokoa gari?

Suala hili lina uzito mwingine kwa vijana wanaotafuta ajira. Magari yaliyotumika ambayo Kenya huagiza kutoka Japani, ambayo kwa mujibu wa kanuni hayapaswi kuzidi umri wa miaka minane, kwa wingi ni ya otomatiki. Kijana hujifunza kwa gari lililopo. Leseni zetu nazo zimetenganishwa: daraja la B1 ni la gari dogo la otomatiki, la B2 ni la gia za mkono. Lakini magari ya kazi katika Kaskazini Mashariki, yaani Land Cruiser za mashirika ya misaada, malori ya mifugo na mengi ya mabasi, bado hutegemea gia za mkono. Kijana aliyechagua B1 kwa kuwa ni rahisi atajikuta amejifungia mlango wa riziki kwa mkono wake.

Je, Joginder angesimama upande gani? Maisha yake hayatupi ruhusa ya kumfanya mtetezi wa chuma fulani dhidi ya kingine. Alishinda kwa gari la Uswidi lililokwishatumika, akashinda kwa gari la Japani ambalo wengi walikuwa hawajalizoea. Alichokuwa nacho katika magari yote mawili ni uelewa wa kilichokuwa kikitendeka chini ya miguu yake. Uelewa huo hauletwi na rungu la gia, wala hauondolewi na otomatiki. Huletwa na mtu kukubali kuwa mwanafunzi wa mashine yake.

Safari iliyomjenga imebadilika. Baada ya kuondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2002, ilirejea mwaka 2021 ikiwa fupi na yenye makao yake Naivasha, na magari yake yana mitambo ambayo gereji ya Battan Singh isingeiota. Simba mwenyewe alistaafu, akahamia Uingereza, akafia huko. Ila barabara za Garissa zingali zinauliza swali lile lile la mwaka 1965. Mzazi anayemlipia mwanawe masomo ya udereva na amlipie aanze na klachi, kisha otomatiki imjie kama nyongeza. Mwenye otomatiki naye na asome kijitabu cha gari lake, akague mafuta ya giaboksi kabla ya kuvuka daraja la Tana, na ajue gari lake huvutwa vipi. Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga, na mwendo mrefu wa nyika humuumbua asiyeuliza.