Askofu Festo Kivengere: Mkimbizi Aliyekataa Kuishi na Chuki

 

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watumishi wa Mungu, safari hii tunamtazama mtu wa huku huku kusini-magharibi mwa Uganda, Askofu Festo Kivengere. Wazee wengi wa Mbarara na Kabale walimsikia akihubiri. Tumemchagua kwa sababu ya jambo linalowasumbua wengi wetu. Mtu amefika Nakivale salama, ana kiwanja na kadi ya chakula, risasi hazisikiki tena, lakini moyo haujafika. Usiku halali. Akisikia jina la waliomtenda, mwili unatetemeka. Anauliza: je, hii ni dhambi, ni pepo, au ni ugonjwa? Maisha ya Festo hayajibu yote, lakini yanatufundisha kutenganisha mambo.

ALIKOTOKEA

Festo alizaliwa mwaka 1919 Rukungiri, katika eneo la Kigezi. Alikulia katika jamii ya wafugaji na utoto wake aliutumia kuchunga ng'ombe. Baadaye akaenda shule ya misheni, akasoma mpaka akawa mwalimu. Lakini akiwa kijana aliiacha imani, akawa mlevi na mtu wa hasira.

Miaka ile uamsho ulikuwa umeenea kutoka Rwanda hadi Uganda. Waliookoka, tunaowaita Balokole, walikuwa na desturi moja ya pekee: mtu alikiri kosa lake mbele ya yule aliyemkosea, kisha akarudisha alichoiba au kuomba msamaha. Mwaka 1941 Festo naye akaokoka. Muda mfupi baadaye alipanda baiskeli akasafiri maili 50 hivi mpaka Kabale kumwona Mwingereza mmoja aliyekuwa akimchukia sana. Hakwenda kumdai kitu. Alikwenda kumwambia kwamba alimchukia, na kwamba sasa anaomba msamaha.

Tukumbuke safari hiyo ya baiskeli, maana itatusaidia kuelewa yaliyofuata. Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia, wanasema hisia zina nguvu ya kutusukuma. Hofu inatusukuma kukimbia, hasira inatusukuma kupigana, huzuni inatusukuma kujificha. Festo alijifunza mapema kwamba mtu anaweza kuisikia hasira ndani yake na bado akaelekeza miguu yake kwingine.

MWALIMU, MKALIMANI, ASKOFU

Mwaka 1946 alikwenda Dodoma, Tanganyika, yeye na mke wake Mera, akafundisha huko zaidi ya miaka kumi. Huko ndiko Kiswahili kilimkaa vizuri, hata mwaka 1960 mhubiri Billy Graham alipokuja Tanganyika, Festo ndiye aliyesimama pembeni yake akitafsiri.

Nyumbani kwake hapakuwa na malaika. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia jinsi alivyogombana na Mera, akataka kuondoka kwenda kuhubiri huku wamenuniana. Alisikia moyoni kwamba akienda atakwenda peke yake, kwa maana Bwana amebaki jikoni na mke wake. Ikabidi arudi jikoni kwanza. Wanandoa wengi wakimbizi wanajua ugomvi wa namna hiyo. Mara nyingi hauletwi na ubaya wa mtu. Unaletwa na uchovu, posho iliyopungua na mawazo yasiyosemwa, na anayeumia ni yule aliye karibu.

Festo alisoma theolojia Pittsburgh, Marekani, akapewa daraja la ukasisi, na mwaka 1972 akawekwa kuwa Askofu wa Kigezi. Idi Amin alikuwa ameshika nchi tangu Januari 1971.

SIKU YA UWANJANI KABALE

Tarehe 10 Februari 1973 serikali iliamuru watu wapigwe risasi hadharani katika miji kadhaa. Kabale waliletwa wanaume watatu. Wananchi walikusanywa uwanjani kutazama. Kusudi la adhabu ya namna hiyo linajulikana: wanauawa watatu ili maelfu waogope. Hofu inaambukiza. Mtoto anaisoma usoni mwa mama yake, na jirani kwa jirani yake.

Askofu aliruhusiwa kusema nao kabla hawajauawa. Alikwenda akitafuta maneno ya kuwafariji, akakuta wao ndio wenye amani. Walikuwa wamekwisha kumwamini Kristo, nyuso zao zilikuwa tulivu, nao wakafa hivyo. Habari hiyo ilienea Kigezi yote, na kusudi la kuwatisha watu halikutimia kama lilivyopangwa.

USIKU WA KUVUKA MPAKA

Tarehe 30 Januari 1977, Bushenyi, jirani na Mbarara, alipokuwa akiwekwa askofu mpya wa Ankole Magharibi, Festo alihubiri juu ya thamani ya uhai wa mwanadamu. Wakubwa wa serikali walikuwepo wakisikiliza. Wiki mbili na siku chache baadaye, tarehe 16 Februari, maaskofu waliitwa Kampala, Festo akiwa mmoja wao. Askofu Mkuu Janani Luwum alitengwa na wenzake, na hakuonekana tena akiwa hai. Serikali ilitangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari, lakini watu hawakuamini.

Festo alirudi Kabale, akaambiwa kwamba anatafutwa. Usiku huo yeye na Mera wakaondoka. Walikwenda kwa gari mpaka barabara ilipokwisha, kisha wakapanda milima kwa miguu gizani. Kulipokucha Jumapili, tarehe 20 Februari, walikuwa Rwanda. Askofu mwenye jimbo, nyumba na vitabu alikuwa sasa mkimbizi kama sisi.

ADUI ALIYEVUKA PAMOJA NAYE

Hapa ndipo wengi wetu tutajiona. Festo alikuwa salama. Alipokelewa vizuri, akaalikwa kuhubiri Ulaya na Marekani. Lakini aligundua kwamba Amin amevuka mpaka pamoja naye. Kila alipomfikiria Luwum na marafiki wengine waliouawa, uchungu ulipanda. Aliendelea kuhubiri upendo, lakini furaha ya kuhubiri ilikuwa inakauka.

Tuangalie kidogo mwili unafanya nini wakati huo. Mtu akitishwa, ubongo hupiga kengele. Homoni iitwayo adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, tumbo huacha kazi yake. Mungu ametuumba hivyo ili tuweze kukimbia simba. Simba akiondoka, mwili hutulia. Shida inakuja pale simba anapobaki kichwani. Mtu anakumbuka, na mwili unajiandaa upya kana kwamba jambo linatokea leo. Hali hiyo ikidumu miezi na miaka huitwa msongo. Usingizi unakatika, shinikizo la damu linaweza kupanda, kichwa na mgongo vinauma, hasira inakuwa karibu. Mtu tunayemchukia yuko mbali, pengine analala vizuri, na anayechoka ni sisi.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1977 Festo alikuwa London, katika kanisa la All Souls. Katika ibada hiyo ndefu alisikia tena habari ya Bwana msalabani akiwaombea msamaha waliomsulubisha (Luka 23). Neno hilo lilimchoma. Aliona kwamba yeye hajafanya hivyo kwa Amin. Akatoka ibadani akiwa ameomba neema ya kusamehe, na huduma yake ikapata nguvu upya. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha Kiingereza ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin. Watu wengi walikwazika. Amin alikuwa bado anatawala na damu ilikuwa bado inamwagika.

Wapendwa, tusimwelewe vibaya. Festo hakusema Amin hana hatia. Aliendelea kutangaza mauaji ya Uganda kila alikokwenda, na aliwatafutia msaada Waganda waliokimbia. Kusamehe hakukumfunga mdomo, wala hakukuondoa haja ya mahakama. Kulimwondolea mzigo wa kuwa hakimu usiku na mchana ndani ya moyo wake. Na tazameni miaka ilivyokwenda: Amin alipinduliwa Aprili 1979, akakimbilia nje, akafa Saudi Arabia mwaka 2003 bila kufikishwa mahakamani. Festo alikuwa amekwisha kufa miaka 15 kabla yake. Kama angengoja mpaka adui ahukumiwe ndipo aache chuki, angezikwa nayo.

KUSAMEHE NA KUUGUA SI JAMBO MOJA

Sasa nataka nisikilizwe vizuri hapa, kwa sababu watu wanaumizwa makanisani. Dada aliyebakwa njiani anaambiwa kwamba haponi kwa kuwa hajasamehe. Baba anayepiga kelele usingizini anaambiwa ana pepo. Tusitumie ushuhuda wa Festo kama fimbo. Uchungu wa moyo ni jambo moja, na ugonjwa ni jambo lingine. Mtu anaweza kusamehe kabisa na bado mwili wake ukaruka akisikia mlango ukipigwa kwa nguvu.

Nabii Eliya alichoka mpaka akaomba kufa (1 Wafalme 19). Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, kisha ndipo wakazungumza. Mwili ulihudumiwa kwanza.

Tena tuna mfano hapa hapa kwetu. Watafiti walifanya kazi Nakivale na wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe, yaani hofu ya yaliyopita inayorudi kama ndoto ukiwa macho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kambi, wakimbizi kama sisi, waliofundishwa kusikiliza. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mabaya na mema, mpaka kila jambo likapata mahali na wakati wake. Kundi la pili lilipata ushauri wa kawaida. La tatu lilifuatiliwa tu. Miezi kadhaa baadaye, katika makundi mawili yaliyosikilizwa, watu karibu 7 katika kila 10 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika kundi lililofuatiliwa tu, hawakufika 4 katika 10. Basi kumsikiliza mtu kwa uvumilivu na kwa utaratibu ni dawa, na mkimbizi anaweza kuitoa.

Lakini kuna dalili ambazo hazifai kungojewa. Mtu asipolala wala kula kwa wiki mbili, asipofurahia chochote, akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, au akisema anataka kufa, mpelekeni kituo cha afya. Wakiona inafaa watamwandikia barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Kumpeleka hospitali si kukosa imani, kama vile kumpeleka mwenye malaria si kukosa imani. Na akipewa vidonge, asiviache kwa sababu ameombewa. Tuombe, naye ameze.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Festo alirudi Uganda Mei 1979, akaikuta nchi imechoka, watu wana njaa na hamu ya kulipiza kisasi. Alihubiri upatanisho Kigezi na nje ya Kigezi mpaka nguvu zilipokwisha. Aliugua saratani ya damu, akafa Nairobi tarehe 18 Mei 1988. Ameacha Mera na mabinti wanne.

Sisi hatujui siku ya kurudi kwetu, wala kama mahojiano ya kwenda nchi ya tatu yatafanikiwa. Lakini kazi ya moyo haingoji tarehe hiyo. Kwa mwingine itachukua wiki chache kama ilivyokuwa kwa Festo, kwa mwingine miaka. Asiharakishwe mtu, wala asiachwe peke yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Nikikasirika au nikiogopa, mwili wangu unafanya nini? Nani nyumbani anaumia kwa sababu hiyo?
2. Je, kuna jina ambalo nikilisikia amani inaondoka? Ningependa nani anisikilize kuhusu hilo?
3. Katika kijiji chetu kuna nani ambaye dalili zake zinahitaji kituo cha afya? Nani atamsindikiza wiki hii?

Bwana awape usingizi mwema.

Mchungaji wenu