Habari za Katharina von Bora, Mke wa Daktari Martin Luther

Ndugu wapenzi, wako Wakristo wadhanio kwamba asiyeoa ni mtakatifu kuliko aliyeoa, na kwamba Mungu huivumilia ndoa tu kwa sababu ya udhaifu wa miili yetu. Dhana hiyo ni ya zamani sana. Basi na tuyatazame maisha ya mwanamke aliyelelewa katika dhana hiyo, kisha akaiacha.

Katharina alizaliwa mwaka wa 1499 katika nchi ya Saksonia, Ujerumani, katika jamaa ya wakuu waliopungukiwa na mali. Angali mtoto mdogo alipelekwa kwa watawa, na mwaka wa 1515, katika nyumba ya watawa ya Nimbschen, akaweka nadhiri ya kutoolewa kamwe. Njia hiyo alichaguliwa na wengine tangu utoto.

Mwaka wa 1521 Luther aliandika juu ya nadhiri za watawa. Alifundisha kwamba useja ni karama wapewayo wachache, wala si ngazi ya kupandia mbinguni. Na nadhiri iwekwayo ili kujipatia wokovu haiwezi kuifunga dhamiri. Katharina na wenzake wakamwomba msaada. Usiku wa Pasaka, mwaka wa 1523, Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa Torgau, akawatorosha wanawake 12 kwa gari lake, na 9 kati yao wakafika Wittenberg. Luther akawatafutia makao na waume. Katharina aliposhauriwa kuolewa na mchungaji mmoja, alikataa. Maana aliona kwamba ndoa yataka hiari ya mwanamke pia.

Tarehe 13 Juni 1525 akaolewa na Luther mwenyewe. Adui zao walivumisha kwamba mtoto wa watawa wawili atakuwa Mpinga Kristo. Hata Melanchthon, rafiki wa Luther, hakupendezwa, kwa kuwa ulikuwa wakati wa vita vya wakulima. Lakini wale wawili waliishi pamoja kwa uaminifu miaka zaidi ya 20. Katharina alipika pombe, alifuga ng'ombe, alilima, akawapokea wanafunzi na wageni wengi. Walizaa watoto 6. Elisabeth alikufa mwaka wa 1528 angali mchanga, na Magdalena mwaka wa 1542 akiwa na miaka 13. Baba na mama wakalia pamoja.

Mwaka huo wa 1542 Luther aliandika wosia, akamfanya mkewe mrithi, ijapokuwa desturi za sheria za nchi zilimtaka mjane awe chini ya wasimamizi. Luther alipokufa mwaka wa 1546, Katharina alijitahidi sana asitengwe na watoto wake. Vita vikamkimbiza, mashamba yake yakaharibiwa. Mwaka wa 1552 akiikimbia tauni aliumia njiani, akafa Torgau tarehe 20 Desemba, akazikwa huko katika kanisa la Mtakatifu Maria.

Basi, ndugu, tujifunze. Mwili ni kazi ya Muumba, wala usafi wa moyo hauji kwa kuuchukia. Asiyeoa kwa karama ya Mungu na aheshimiwe. Lakini mume na mke wakaao kwa uaminifu, wakileana katika furaha na msiba, hawako chini yake. Na yeye ampendaye mkewe kweli humwandalia haki yake hata baada ya kufa kwake.