Dk. Burkitt: Mpasuaji wa jicho moja aliyeifuata saratani ya taya kwa gari

Mzazi wa Mbweni au Mbagala aonapo taya la mwanawe limevimba, kwanza hufikiri jino. Huenda ni jino kweli. Lakini upo uvimbe mwingine, uwezao kukua maradufu kwa siku moja au mbili, ambao ulimwengu unaufahamu kwa jina la daktari mmoja wa Mulago, Kampala.

Hayati Dk. Denis Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa kupigwa jiwe. Hilo halikumzuia kuwa mpasuaji, na mwaka 1946 alipelekwa Uganda na serikali ya kikoloni, kwanza Lira kisha Mulago.

Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya yote, juu na chini. Wiki chache baadaye alimkuta mwingine Jinja. Kwa kuwa kisu hakikusaidia kitu, alianza kuuliza watoto hawa wanatoka wapi.

Oktoba 1961, yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa Ford kuukuu hadi Afrika Kusini, wakazuru hospitali 57 kwa majuma 10. Walibaini kuwa ugonjwa huo hufuata maeneo ya joto na mvua, palepale penye malaria, na kuzikwepa nyanda za juu.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuona ndani yake kirusi, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Wengi wetu tunacho bila madhara. Kirusi hicho hutengeneza protini iitwayo EBNA1, inayokishikiza kwenye kromosomu za seli, ili seli ikigawanyika nacho kirithiwe. Malaria ya mara kwa mara huidhoofisha kinga inayokidhibiti. Watafiti sasa wanajaribu dawa za kuizuia protini hiyo.

Burkitt hakuijua. Kampala wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, hivyo alijaribu dawa za saratani zilizokuwapo, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu, jambo lililowashangaza mabingwa wa Ulaya na Marekani.

Aliondoka Uganda mwaka 1966, akajulikana zaidi huko kwao kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki dunia Machi 23, 1993.