John Kennedy na mjane aliyeushika ukoo

Karibu kila mmoja wetu amesikia jina la John Fitzgerald Kennedy, rais wa Marekani aliyepigwa risasi huko Dallas mwaka 1963. Wazee wetu hapa Kongo wanalikumbuka pia kwa uchungu wetu wenyewe, maana Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, siku tatu tu kabla Kennedy hajaapishwa. Lakini leo sitasema sana juu ya siasa zake. Nataka tuufuate ukoo wake kurudi nyuma, kwa sababu ndani yake yumo mwanamke ambaye watu humruka.

Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 huko Brookline, karibu na mji wa Boston. Baba yake, Joseph, alisoma Harvard, akatajirika kwa biashara, na mwaka 1938 akatumwa London kuwa balozi. Mama yake, Rose, alikuwa binti wa mtu aliyekuwa meya wa Boston. Ukiwatazama hao utadhani ukubwa ulikuwa kwao tangu zamani. Panda vizazi viwili tu juu ya Joseph, utakuta njaa.

Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi katika mashamba ya Ireland, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Kati ya waliohama alikuwa kijana Patrick Kennedy, wa Dunganstown, karibu na mji wa New Ross, jimbo la Wexford. Hakuwa mzaliwa wa kwanza, na shamba halikuwa la kugawanywa. Akavuka bahari mpaka Boston, akafanya kazi ya kutengeneza mapipa ya mbao. Tarehe 26 Septemba 1849 alimwoa Bridget Murphy, binti wa Wexford kama yeye.

Boston haikuwapokea vizuri. Wenyeji wengi walikuwa Waprotestanti, na hawakuwataka hawa Wakatoliki maskini waliojazana karibu na bandari. Tusipite haraka hapo, ndugu zangu. Waliowafungia milango wakimbizi wale walikuwa watu wa ibada ya Jumapili, wenye Biblia mkononi kama sisi.

Patrick na Bridget walizaa watoto watano. Mmoja alikufa akiwa mdogo. Kisha, tarehe 22 Novemba 1858, Patrick mwenyewe akafa, akiwa na miaka kama 35. Alimwachia Bridget wasichana watatu na mvulana mmoja wa miezi kumi, aitwaye Patrick Joseph.

Hapo ukoo ungeweza kukatika. Mjane, mgeni katika nchi, hana shamba, na watoto wanne wanataka kula. Wamama wengi wa makanisa yetu hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Bridget alifanya kazi katika nyumba za watu. Baadaye akapata duka dogo, butike kama tunavyosema huku, karibu na bandari, na kwa hilo akawalea watoto wake. Mwana wake aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda kubeba mizigo bandarini. Kisha akafungua baa (kazi ambayo wazee wa kanisa letu wasingemsifia), na kabla ya kufikisha miaka 30 alikuwa mjumbe katika bunge la jimbo la Massachusetts. Huyo ndiye babu wa rais.

Bridget alikufa Desemba 1888. Joseph, mjukuu wake atakayekuwa balozi, alikuwa amezaliwa Septemba ya mwaka uleule.

Habari hizi tunazijua kwa sababu makarani wa Boston waliandika ndoa, vizazi na vifo, hata vya maskini. Kule Ireland kazi ni ngumu zaidi: mwaka 1922, wakati wa vita, nyumba ya kumbukumbu za serikali mjini Dublin iliungua, na daftari nyingi za hesabu ya watu zikateketea. Parokia zetu ambazo daftari za ubatizo zimeporwa au kuchomwa zinaelewa hasara hiyo.

Kennedy mwenyewe alianza kuwatafuta watu wake mwaka 1947, akiwa mbunge kijana, miaka minne baada ya meli ya Wajapani kuikata mashua yake vitani, naye akaogelea akimvuta mwenzake aliyeungua. Alikwenda Dunganstown kwa gari, akawakuta jamaa zake wangali kwenye shamba lilelile. Mwaka 1960 alipogombea urais, wachungaji wengi wa Kiprotestanti walipinga Mkatoliki kuongoza Marekani. Tarehe 12 Septemba alikwenda Houston kusimama mbele ya wachungaji na kujibu maswali yao, akieleza kwamba kanisa lake halitamwamuru kazi ya serikali. Alishinda kwa kura chache sana.

Juni 1963 alirudi Ireland akiwa rais. Jamaa zake walimwandalia chai uani. Pale New Ross alisema kwamba baba wa babu yake aliondoka bila kitu ila imani na hamu ya uhuru. Ni kweli, lakini Patrick aliishi Boston miaka kama tisa tu. Bridget aliendelea peke yake miaka thelathini. Matayo, alipouandika ukoo wa Bwana, hakuwaacha Tamari na Ruthu, wajane wote wawili.

Miezi mitano baada ya chai ile, Kennedy aliuawa. Ilikuwa tarehe 22 Novemba, siku ileile aliyokufa Patrick, miaka 105 mbele. Naye aliacha mjane, na watoto wawili ambao hawajafika hata miaka sita.