Sayyidna Umar (RA) na Heshima ya Nyumba ya Mtu

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunayatazama maisha ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (RA), hasa namna alivyoujua mpaka wa mtawala mbele ya mlango wa raia.

Alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Adiy, akasilimu yapata mwaka wa 6 wa utume, na akashika ukhalifa mwaka 13 Hijria (634) baada ya Sayyidna Abubakar (RA). Katika miaka 10 ya utawala wake Sham, Iraq na Misri ziliingia katika dola ya Kiislamu, na kalenda ya Hijria ikawekwa. Pamoja na cheo hicho, alikuwa akizunguka usiku katika vichochoro vya Madina kuangalia hali za watu.

Imam Ghazali katika Ihyaa Ulumiddin amesimulia kuwa usiku mmoja Khalifa alipanda ukuta wa nyumba ya mtu, akamkuta katika maasi, akamkemea. Mtu yule akamjibu kuwa ikiwa yeye amemuasi Allah kwa jambo moja, Khalifa amemuasi kwa matatu: amepeleleza, ilhali Suratul Hujurat aya ya 12 inakataza; amepita ukutani, ilhali Suratul Baqara aya ya 189 inaamrisha nyumba ziingiwe kwa milango yake; na ameingia bila idhini wala salamu, kinyume cha Suratun Nur aya ya 27. Sayyidna Umar (RA) hakukasirika. Alimtaka ahadi ya kutubia, akamsamehe na kuondoka.

Tuzingatie kuwa maasi yale yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, ukweli wake haukuihalalisha njia iliyotumika kuyafichua.

Juu ya msingi huu wanazuoni walijenga hukumu. Imam Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameandika kuwa msimamizi wa hisba hana ruhusa ya kuchungulia maovu yasiyodhihirika. Lakini mtu mwaminifu akitoa habari kuwa kuna mtu amejitenga na mwingine ili amuue, hapo inajuzu kupeleleza, kwa sababu roho ikishapotea hairudi. Basi sheria haikumfunga mlinzi mikono. Imemtaka awe na sababu ya haki kabla ya kuingia.

Sayyidna Umar (RA) alichomwa jambia katika sala ya Alfajiri mwaka 23 Hijria (644), akazikwa karibu na Mtume (SAW). Ameacha funzo kwa kila mwenye mamlaka, na pia kwa sisi tunaotega masikio kwa jirani au kufungua simu isiyo yetu: mlango uliofungwa una haki yake.

Tunamuomba Allah (SW) atusitiri aibu zetu, na atuwezeshe kusitiri za wenzetu. Amin.