Louis Chevrolet: Jina lilibaki kwa wengine, ufundi ukaingia kwenye injini za Ford

JINA lake limebandikwa kwenye mamilioni ya magari duniani, lakini Louis Chevrolet alipofariki dunia Juni 6, 1941 mjini Detroit, Marekani, alikuwa ameshauza zamani hisa zake katika kampuni yenye jina hilo, na utajiri wake haukumfikia.

Mafundi wa injini humkumbuka kwa jambo jingine. Yeye na ndugu zake walitengeneza vipuri vilivyoipa Ford Aina T, gari la mshindani wake, nguvu ambayo kiwanda chake hakikuipa.

Chevrolet alizaliwa Desemba 25, 1878 mjini La Chaux-de-Fonds, Uswisi, mji uliosifika kwa utengenezaji wa saa. Baba yake alikuwa fundi saa, hivyo mtoto huyo alikulia katika nyumba ambamo gia zenye meno madogo zilikuwa ndizo riziki. Familia ilihamia Beaune, Ufaransa, ambako kijana Louis alijifunza ufundi wa baiskeli na kuanza kushindana nazo.

Mwaka 1900 alivuka bahari kwenda Kanada, kisha New York. Mwaka 1905, akiendesha Fiat, alimshinda Barney Oldfield, dereva aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote nchini Marekani wakati huo. Baadaye aliingia katika timu ya mbio ya Buick, na huko akafahamiana na William Durant, mfanyabiashara aliyeiunda General Motors.

Wawili hao ndio walioanzisha kampuni ya magari ya Chevrolet Novemba 3, 1911. Gari la kwanza lilikuwa la silinda sita, kubwa na la heshima, nalo liliuzwa kwa Dola 2,150, wakati Ford Aina T ilipatikana kwa chini ya Dola 1,000. Durant alitaka gari la bei nafuu lenye jina la dereva maarufu. Chevrolet alitaka gari bora. Mwaka 1913 aliondoka kwa hasira, na jina lake likabaki kuwa mali ya kampuni. Huenda hilo ndilo lililomgharimu kuliko yote aliyowahi kufanya.

Kwa kuwa hakuweza tena kuuza magari kwa jina lake, alichagua jina la Frontenac. Mei 1920 mdogo wake, Gaston, alishinda mbio za maili 500 za Indianapolis kwa gari walilounda wenyewe. Miezi sita baadaye, Novemba 25, Gaston alifariki katika ajali ya mbio huko Beverly Hills, California. Louis hakushindana tena. Mwaka 1921 Tommy Milton aliwapa ushindi wa pili Indianapolis, lakini ushindi haukuleta fedha za kutosha kuanzisha kiwanda.

Ndipo ndugu hao walipoigeukia Ford Aina T. Injini yake ilikuwa ya silinda nne, ujazo wa lita 2.9 na nguvu ya farasi 20 tu. Valvu zake zilikaa ubavuni mwa silinda, hewa ikaingia kwa kupinda na kutoka kwa shida. Ilikuwa injini nyonge, lakini ilipatikana kila mahali na spea zake zilikuwa rahisi.

Hedi ya Frontenac iliondoa mfuniko wa Ford na kuweka mwingine wenye valvu nane juu ya pistoni. Katika zile za kawaida, kemshafti ilibaki chini mahali pake, ikizisukuma valvu kwa fito ndefu na mikono ya juu. Baadaye ilitoka hedi ya valvu 16, yenye kemshafti mbili juu kabisa.

Kazi ya kuifunga haikuishia kwenye kukaza boliti. Mbele ya injini kuna gia za taimingi, ya krenki na ya kemshafti, na hiyo ya pili ina meno mara mbili ya ile ya kwanza, ili krenki ikizunguka mara mbili kemshafti izunguke mara moja. Alama za meno hayo lazima zikutane. Kwa Ford ya kawaida, fundi akikosea jino moja gari hupoteza nguvu na kuchemka. Valvu zikishahamia juu ya pistoni, kosa kubwa la taimingi laweza kuzigonganisha na kuivunja injini. Gia zilizolika ambazo dereva wa shamba alizivumilia kwa miaka hazikumfaa mwenye kutaka mwendo kasi, na hapo ndipo mkereza vyuma makini alipojulikana na mbabaishaji akaumbuka.

Mwaka 1923, L. L. Corum alishika nafasi ya tano Indianapolis kwa gari la injini ya Ford yenye hedi ya Frontenac. Waliomtangulia wote wanne waliendesha magari ya Harry Miller, yaliyoundwa kwa ajili ya mbio na kwa gharama kubwa. Mwaka uliofuata magari matatu ya aina hiyo yalishiriki, na Henry Ford mwenyewe alikuwa mwamuzi wa heshima wa mbio hizo.

Biashara ilidhoofika baada ya Ford kusitisha Aina T mwaka 1927. Ndugu hao walijaribu injini za ndege, lakini mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulifuta juhudi hizo, na mradi ukaishia mikononi mwa Glenn Martin.

Katika miaka ya 1930, akiwa amepita umri wa miaka 50, Louis alirudi Detroit kufanya kazi ya ufundi katika kiwanda cha Chevrolet. Maradhi ya kuvuja damu kwenye ubongo yalimlazimisha kuacha kazi.

Alizikwa Indianapolis, katika makaburi yale yale alikolazwa Gaston. Hedi za Frontenac hadi leo zinatafutwa na wakusanyaji wa Ford Aina T.