Max Miller: Fundi wa Neno Lenye Maana Mbili

Utangulizi

Wahenga walilonga kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Katika mihadhara ya fasihi simulizi, methali hii hutajwa tunapojadili vitendawili, mafumbo na nyimbo za taarab. Ni nadra kuhusishwa na vichekesho. Aghalabu mchekeshaji huonwa kuwa mtu wa kuwapitishia watu wakati, asiyestahili kuchunguzwa kwa vigezo vya kitaaluma. Makala haya yanatalii maisha ya mchekeshaji mmoja wa Uingereza, Max Miller (1894-1963), ambaye riziki na sifa zake zote zilitokana na neno lenye maana mbili. Hoja yetu ni kwamba Miller alimwachia msikilizaji nusu ya kazi ya utunzi. Kwa njia hiyo aliweza kuwasilisha mbele ya halaiki ya watu mambo ambayo sheria na desturi za enzi yake hazikuruhusu yatamkwe.

Malezi na Vita

Jina alilopewa na wazazi wake ni Thomas Henry Sargent. Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1894 katika mtaa wa Kemptown mjini Brighton, pwani ya kusini ya Uingereza. Baba yake alikuwa kibarua na mama yake alikuwa akiuza maua. Jamaa hiyo ilikuwa ya kikata. Mara nyingi kodi ya nyumba iliwashinda, wakalazimika kuhama. Mvulana huyu aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akaanza kuhangaikia riziki. Alipeleka maziwa majumbani, akauza samaki na viazi vya kukaanga, akabeba mifuko ya wachezaji gofu, na hatimaye akajifunza ufundi wa magari. Kazi hizi zilimkutanisha na watu wa kila tabaka, na bila shaka zilimpa sikio la kunasa namna wanavyosema na wanavyoficha.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, alijiunga kwa hiari na kikosi cha Royal Sussex. Alipelekwa Ufaransa, kisha Bara Hindi, na baadaye Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki. Huko Mesopotamia alipofuka macho kwa siku tatu. Uoni wake ulirejea, lakini hofu ya siku hizo haikumtoka. Maishani mwake mwote aliwasaidia vipofu, jambo ambalo watu wengi waliomwita bahili hawakulitia maanani. Ni jeshini pia alikoanza kuwatumbuiza wenzake. Askari waliochoka na walio mbali na kwao ni hadhira ngumu, na aliyeweza kuwachekesha hao hangeshindwa na umati wowote mwingine.

Kupanda Ngazi

Vita vilipokwisha, kazi zilikuwa adimu. Mwaka 1919 alijiunga na kundi la watumbuizaji lililofanya maonyesho katika ufuo wa Brighton. Humo alikutana na mwimbaji Kathleen Marsh, wakafunga ndoa mwaka 1921. Kathleen ndiye aliyependekeza jina la Max Miller, akiamini kwamba jina la Sargent halikuwa na mvuto jukwaani. Fauka ya hayo, alikuwa mwanamke mwenye jicho la biashara na alichangia pakubwa kumjenga mumewe. Ni kinaya kwamba mtu ambaye mizaha yake mingi iliwahusu wake wasumbufu alitegemea busara za mke.

Katika miaka ya 1920 Miller alizunguka kumbi za mikoani, na kabla ya mwongo huo kuisha alikuwa amefika Holborn Empire, mojawapo ya kumbi mashuhuri za London. Kumbi hizi ziliwaleta pamoja waimbaji, wanasarakasi, wafanya mazingaombwe na wachekeshaji katika onyesho la usiku mmoja. Kila mtumbuizaji alipewa dakika chache tu, kwa hivyo mchekeshaji alilazimika kuiteka hadhira papo hapo. Mwaka 1931 alitumbuiza mbele ya familia ya kifalme, na akaalikwa tena mwaka 1937. Alishiriki pia katika filamu zaidi ya 10, zikiwemo The Good Companions (1933) na Educated Evans (1936). Kufikia mwaka 1943 alikuwa miongoni mwa watumbuizaji waliolipwa zaidi nchini, akipata zaidi ya pauni 1,000 kwa wiki katika vipindi vyake bora.

Maleba yake yalikuwa sehemu ya utendaji. Alivaa suti ya hariri yenye maua ya rangi za kung'aa, suruali pana iliyofungwa chini kidogo ya magoti, tai nene, viatu vya rangi mbili na kofia nyeupe iliyoinamishwa upande. Kabla hajafungua kinywa, hadhira ilikuwa imekwisha kujua kwamba aliyesimama mbele yake ni mtundu.

Kunga ya Vitabu Viwili

Ili kumwelewa Miller, sharti tuelewe vizuizi vilivyomzunguka. Tangu mwaka 1737, tamthilia zote za Uingereza zilipaswa kusomwa na afisi ya kasri la mfalme kabla ya kuigizwa, na utaratibu huo haukukomeshwa hadi mwaka 1968. Kumbi za burudani, kwa upande wake, zilitegemea leseni za mabaraza ya miji, na meneja aliyeruhusu lugha chafu aliweza kupoteza leseni hiyo. Redio ya BBC nayo ilikuwa kali zaidi. Mwongozo wake wa mwishoni mwa miaka ya 1940 uliwakataza watunzi kufanya mzaha kuhusu vyoo, maharusi walio fungateni na hata nguo za ndani za wanawake.

Miller alipata mwanya. Alikuja jukwaani na vitabu viwili vidogo, kimoja cheupe na kingine cha buluu. Cheupe, alieleza, kilikuwa na mizaha safi; cha buluu kilikuwa na ile mingine. Kisha aliwauliza watazamaji wanataka kipi, nao daima walichagua cha buluu. Kwa hila hii ndogo, aliihamishia hadhira dhamana ya yote yatakayofuata. Alichungulia pembeni mwa jukwaa kana kwamba anahakikisha meneja hamwoni, akasogea mbele, akashusha sauti. Watu zaidi ya elfu moja walijihisi kama kwamba ananong'onezwa kila mmoja peke yake.

Baadaye alianza kisa, au beti fupi zenye vina. Msomaji wa ushairi anajua nguvu ya kina: mizani ikishazoeleka na kina cha mshororo wa kwanza kikishasikika, akili hutangulia na kulitafuta neno linalostahili kukifunga. Miller alifika ukingoni mwa neno hilo, akanyamaza. Hadhira ililikamilisha yenyewe kimyakimya, ikaangua kicheko. Naye aliwakazia macho kwa mshangao, akawasuta kwa mawazo yao mabaya na kulalamika kwamba watu kama hao ndio wanaomharibia jina. Kweli alikuwa hajatamka lolote. Mdhibiti aliyeketi na kalamu yake hakuwa na neno la kuandika.

Mbinu yake ya pili ilikuwa mchezo wa maneno, yaani kutumia neno moja lenye maana zaidi ya moja. Mzaha wa aina hii hautafsiriki, kwa sababu utata wenyewe umo katika lugha husika. Hata hivyo, tunaweza kuuelewa kwa kutazama lugha yetu. Neno mbuzi lina maana ya mnyama na pia kifaa cha kukunia nazi. Paa ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na pia ni kitenzi. Tofauti ni kwamba Kiswahili kina mlinzi ambaye Kiingereza hakina, nao ni upatanisho wa kisarufi. Mara tunaposema mbuzi huyu au mbuzi hii, paa huyu au paa hili, utata umetoweka. Mchezaji wa maneno katika Kiswahili hulazimika kuupanga upatanisho wake kwa hadhari ili asijifichue. Kiingereza hakimdai mzungumzaji kodi hiyo; kivumishi hakibadiliki kwa sababu ya ngeli ya nomino. Miller aliitumia fursa hiyo kikamilifu. Aliweza kuiendeleza sentensi nzima katika maana mbili, moja ya kumridhisha kasisi na nyingine ya kumchekesha baharia, na ni toni, jicho na kimya pekee vilivyoonyesha ipi ilikusudiwa.

Ni kwa sababu hii mizaha yake ikiandikwa kwenye karatasi huonekana hafifu. Rekodi aliyoifanya mbele ya hadhira ya Holborn Empire mwaka 1938 ni ushahidi bora kuliko maandishi yoyote, maana kicheko cha watazamaji kinasikika humo kama kiitikio cha wimbo. Wanaofuatilia nadharia za utendaji watatambua jambo tunalolisisitiza kila mara: kazi ya fasihi simulizi hukamilika tu fanani anapokutana na hadhira yake.

Dakika za Ziada

Jukwaa la Holborn Empire liliharibiwa na mabomu mwaka 1941, lakini nyota ya Miller iliendelea kung'aa. Tukio lililomtikisa lilitokea mwaka 1950, alipoalikwa kwa mara ya tatu katika onyesho la kifalme. Alitengewa dakika sita. Alikuwa amechukizwa kuona kwamba mgeni kutoka Marekani, Jack Benny, amepewa muda mrefu zaidi kuliko wachekeshaji wa nyumbani. Alipopanda jukwaani aliupuuza muda wake na kuendelea kwa takriban dakika 12, huku watu wakishangilia. Val Parnell, aliyesimamia kampuni kubwa ya kumbi ya Moss Empires, alimghadhabikia na kumfungia milango. Ilichukua karibu mwaka mmoja na nusu kabla hajarejeshwa.

Wapo waliouona ukaidi huo kuwa majivuno ya mzee anayeogopa kupitwa na wakati. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba Miller alijiona kuwa wa mahali mahususi. Alipendwa zaidi kusini mwa Uingereza na hakupenda safari za kaskazini. Alipotumbuiza London, alipenda kupanda garimoshi usiku uleule arejee kwake Brighton. Mchezo wa maneno hauvuki mipaka kwa urahisi, naye alijua kwamba nguvu zake zilikuwa kwa watu walioshiriki naye lafudhi, desturi na aibu zilezile.

Jua Kuchwa

Katika miaka ya 1950 televisheni iliingia majumbani na kumbi zikaanza kufungwa, moja baada ya nyingine. Kamera haikumfaa Miller. Alihitaji kuuona uso wa mtazamaji ili ajue anyamaze wakati gani, na kioo hakina uso. Mwaka 1958 alipatwa na mshtuko wa moyo, akapunguza kazi. Mapema mwaka 1963 alirekodi na mwanamuziki Lonnie Donegan, na tarehe 7 Mei mwaka huohuo akafariki nyumbani Brighton akiwa na umri wa miaka 68. Miaka mitano baadaye udhibiti wa tamthilia ulifutwa.

Athari yake haikuzikwa naye. Mwandishi wa tamthilia John Osborne alimhusudu, na wengi walikiona kivuli cha Miller katika mhusika Archie Rice wa tamthilia ya The Entertainer (1957), ijapokuwa Archie ni mchekeshaji aliyeshindwa, ilhali Miller alifaulu. Sura yake imo katika jalada la albamu ya Beatles ya mwaka 1967, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Mwaka 2005 sanamu yake ilizinduliwa mjini Brighton.

Hitimisho

Haitakuwa haki kumsifu Miller bila kumhakiki. Wanawake katika visa vyake mara nyingi walikuwa shabaha ya mzaha: mke, mpangishaji, msichana wa dukani. Msomaji wa leo ana haki ya kuliuliza hilo, ijapokuwa wanawake walijaa kumbini kumsikiliza na kucheka naye.

Swali kubwa zaidi linalotokana na maisha yake ni kuhusu uhuru na sanaa. Yamkini mtu atasema kwamba udhibiti ulimnufaisha Miller, kwani pasipo katazo fumbo halihitajiki. Sikubaliani na mtazamo huo. Katazo halikumpa kipawa. Lilimpokonya redio, na lingeweza kumpokonya kumbi pia. Kilichomwokoa ni imani yake kwamba wanaomsikiliza ni werevu. Mdhibiti aliweza kulifuta neno lililoandikwa. Hakuweza kulifuta lile lililokuwa tayari katika fahamu za watu.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunayo mafumbo tele, na tunayachambua kwa makini yanapokuja katika utenzi au wimbo. Wakati umewadia tuwasikilize wachekeshaji kwa sikio lilelile. Huenda baadhi ya mbinu tunazozitafuta vitabuni zinatumika kila usiku majukwaani, na hakuna anayezinukuu.